Simu za Jumatatu

Kila Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, Concepta aliketi kibarazani kwake Ukunda na simu iliyojaa chaji, akaanza kuwapigia watu wake. Watu wake walikuwa walimu wa kujitolea wa kisomo cha watu wazima. Walitawanyika kuanzia Kombani mpaka Funzi, na huko bara kwenye ukame ambako ng'ombe ni wengi kuliko visima. Walifundisha alasiri, shughuli zao zikiisha, katika madarasa ya chekechea, madrasa na vibanda vya makanisa, na hakuna aliyelipwa. Concepta alipata posho kidogo kutoka kwa shirika dogo, na kazi yake ilikuwa kuwaangalia walimu hao wasichoke wala wasikate tamaa.

Simu zenyewe zilikuwa hivi.

"Hujambo, Kadzo? Habari za darasa?"

"Njema, madam."

"Wanafunzi wanakuja?"

"Wanakuja."

"Safi sana. Endelea hivyo hivyo!"

Akakata, akatafuta jina linalofuata.

Usimwone mkatili. Huyu mama alikuwa amekaa miaka mingi kwenye meza ya simu katika hoteli moja huko Galu, akifundishwa kila uchao kwamba sauti itabasamu na mazungumzo yaishe upesi, kwa maana kuna mgeni mwingine anayesubiri. Hoteli ikafunga milango wakati wa korona, wengine wakaitwa kazini tena, yeye hakuitwa. Alitoka na kiinua mgongo kidogo na hiyo haraka. Tena alikuwa na imani yake: mtu anayejitolea amekupa muda wake bure, basi usimlie muda huo. Kwake, kukata simu mapema ilikuwa ndiyo heshima. Alijisifu kwa jambo hilo hata kwenye semina.

Kosa lake ni kwamba hakuwahi kujifunza kuamkiana. Kwa watu wa Kwale, "njema" bado si habari. Nyumba ya mtu ikiungua jana, leo utamwuliza habari na atakujibu njema, tena kwa sauti ya upole. Anayejua kuuliza hatosheki hapo. Atauliza za nyumbani, za watoto, za mifugo, mvua huko imenyesha au bado, mzee anaendeleaje na mguu wake, mpaka yule mwingine ashushe pumzi aseme, "Njema, ila..." Kwenye hiyo "ila" ndipo mtu anapoanza kusema yaliyomfika. Concepta alikuwa ameishi pwani tangu ujana wake na hakuwahi kumngoja mtu afike hapo. Aliwasikia majirani wakiamkiana ng'ambo ya ukuta wa ua, akadhani wana muda wa kupoteza.

Na yeye mwenyewe, jamani, muda alikuwa nao tele. Mumewe alikuwa amefariki. Watoto walikuwa Nairobi, wakimwandikia "Uko poa, mum?" naye akiwajibu "Poa sana." Wapangaji wenzake walikuwa vijana wa mahotelini, huyu anatoka zamu huyu anaingia, milango yao pazia tu na viatu nje. Jioni alifungulia redio, na mtangazaji akisema "hamjambo wasikilizaji," alijibu "hatujambo" kwa sauti, kisha akaona haya peke yake. Simu za Jumatatu ndizo zilizokuwa karamu yake ya wiki nzima, naye alizila mbio mbio, akabaki na simu yenye joto mkononi na alasiri ndefu mbele yake. Alikuwa mpweke, basi.

Tangu mvua za vuli, upweke huo ulikuwa umemfuata hata kazini.

Walimu walikutana Kombani mara moja kwa mwezi, katika chumba nyuma ya soko. Zamani akiingia tu, Mwanaima wa Msambweni, mtu mzima wa rika lake, alikuwa amemwekea viazi vya karai ndani ya karatasi, ukwaju pembeni, na kumwambia, "Kula, dada, usije ukaanguka njiani tukaambiwa tumekuua." Sasa viazi havikuwapo tena. Akifika, mazungumzo yalikatika. Walimwamkia vizuri, "Karibu, madam," wakampisha kwenye kiti kizuri zaidi, na hakuna aliyeketi karibu na kiti hicho. Akiwaomba taarifa za madarasa, walimpa. Akiwauliza kama kuna tatizo, walijibu kwamba hakuna.

Bora wangemgombeza. Ugomvi una mlango wa kuingilia, lakini adabu kama ile utaingia wapi? Concepta aliwaza kila sababu akiwa anapika na akiwa anafua. Labda ni kwa kuwa yeye ni mtu wa bara. Labda alimkosea mtu wa dini nyingine pasipo kujua. Binti yake alikuwa akimwambia aache mambo ya pwani ahamie Nairobi, ambako angekuwa mlezi wa wajukuu na mtazamaji wa televisheni. Alikuwa akikataa kwa sababu moja tu: hapa ana watu wake. Na kama watu hao walikuwa wamekwisha kumtoa moyoni, basi hakuwa na chochote cha kumweka Ukunda isipokuwa kodi ya nyumba.

Akafanya walivyofundishwa kwenye semina. Walimu wa kujitolea wakipoa, wathaminiwe. Alishonesha fulana zenye jina la mradi, akachapisha vyeti vya shukrani kwenye karatasi ngumu, akatangaza kwamba mkutano wa mwezi huo utakuwa siku ya kuwashukuru walimu. Na katika walimu wote alimchagua mmoja wa kusifiwa mbele ya wenzake.

Huyo alikuwa Kadzo, mwanamke kijana wa Kiduruma aliyefundisha Vikwajuni, mbali huko bara. Alisoma mpaka kidato cha nne, akaolewa na mfugaji, akaanzisha darasa la akina mama ambalo wengi walisema halingefika Krismasi. Lilikuwa limefika Krismasi nyingi.

"Nataka mumtazame huyu," Concepta alisema siku hiyo, akiwa amesimama mbele yao na cheti mkononi. "Tangu mwaka jana mpaka leo darasa lake halijafungwa hata mara moja. Hajaomba ruhusa. Hajaniletea shida yoyote. Huyu ndiye mwalimu wa kujitolea! Kadzo, simama, mama, tukupigie makofi."

Akaanza kupiga makofi yeye mwenyewe, na akapiga peke yake. Jethro, mwalimu kijana wa Galu aliyehamia pwani juzi tu, alipiga mawili, akatazama huku na huku, akaficha mikono chini ya meza. Kadzo alisimama. Alikipokea cheti kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema, "Ahsante, madam," akarudi akaketi. Chai ilinywewa kimya, na watu wakaondoka mapema kuliko kawaida.

Mwanaima peke yake alibaki, akiosha vikombe ingawa haikuwa zamu yake.

"Concepta," akasema bila kugeuka. Hakumwita madam, hakumwita dada. "Nataka kukuuliza, na uniwie radhi. Wewe una roho gani?"

"Nimefanya nini?"

"Mtoto wa watu amezika, hukwenda. Hukutuma mtu, hukuleta hata salamu. Tukanyamaza, tukasema labda kwao ndivyo wafanyavyo. Leo wamsimamisha mbele za watu wamsifu kwamba hakukuletea shida?"

"Amezika nani?"

Mwanaima akakiacha kikombe ndani ya maji, akageuka, akamtazama usoni kwa muda.

"Kadzo alijifungua kabla ya wakati, mwezi wa mvua za vuli," akasema polepole. "Mtoto hakuishi. Sisi sote tulikwenda, tukakaa naye. Darasa halikufungwa kwa kuwa tulikuwa tukipokezana, leo mimi, kesho Mangi wa hapa Kombani, mpaka aliporudi kusimama. Na wewe alikwambia. Mwenyewe alitueleza: madam nimempigia simu, nimezungumza naye."

"Haki ya Mungu, Mwanaima, hakuniambia."

"Hayo mtaulizana nyinyi wawili." Akaufuta mkono kwenye leso. Sauti yake ilikuwa imelegea kidogo, lakini hakumsogelea. "Nenda kwake. Na usende na karatasi."

Concepta alikwenda siku ya darasa lililofuata. Alikodi bodaboda mpaka Vikwajuni, mapajani amebeba mfuko wenye unga, sukari na majani ya chai, na njia nzima alikuwa akipanga maneno. Atasema pole. Ataeleza kwamba hakujua. Ataeleza kwamba simu huku bara zinakatika katika, jambo ambalo ni la kweli. Barabara ilikuwa vumbi tupu, mbuzi wamelala katikati yake kama wenye hati miliki. Walipofika Concepta alikuwa na hotuba kamili.

Kadzo alimwona kupitia dirishani, akatoka nje ya darasa la chekechea.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba."

"Karibu. Hukutwambia waja."

Kiti cha plastiki kililetwa mbio kutoka kwa jirani, kikapanguswa, kikawekwa mbele karibu na ubao. Akina mama waliokuwa wameketi kwenye jamvi, miguu wameinyoosha, walimkaribisha kwa sauti moja. Kisha Kadzo akaendelea kufundisha. Aliandika "kisima" ubaoni, na Bi Dama, ajuza mwenye miwani ya kuazima, alilishambulia neno hilo silabi kwa silabi mpaka akalishinda, akawageukia wenzake na kusema, "Sasa mniite mwalimu." Wakacheka wote. Kadzo naye alicheka, na hapo Concepta akaona jinsi shingo yake ilivyokuwa imekonda.

Alikuwa amekuja hapa mara mbili tangu vuli. Aliketi kwenye kiti kama hiki, akautazama ubao, akawatazama wanafunzi kama wamejaa, akafurahi, akaondoka. Alikuwa amemwangalia kila mtu isipokuwa yule aliyetumwa kumwangalia. Alijichukia kwa hilo, tena sana, na kiti kilimchoma.

Darasa likaisha. Akina mama walijifunga leso zao, wakauona mfuko wa unga kando ya kiti, wakaelewa, wakatoka upesi bila ile minong'ono ya mlangoni. Kadzo alichukua kitambaa, akaanza kufuta ubao.

"Kadzo," Concepta akasema. "Pole, mama. Pole sana. Mimi sikujua."

"Yamekwisha pita, madam."

"Mwanaima ameniambia ulinipigia. Nimejaribu kukumbuka. Simu za huku nazo, unajua..."

"Simu ilikuwa nzuri siku ile." Kadzo aliendelea kufuta, ingawa ubao ulikuwa mweusi tayari. "Nilikuwa Msambweni, hospitali, alasiri. Ilikuwa Jumatatu. Hata mamangu sikuwa nimempigia. Nilikupigia wewe kwanza kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya darasa, nikaona wasije wakatembea bure. Na pia nilitaka kumwambia mtu ambaye hatalia. Nikisema kwa mamangu atalia, nikisema kwa dadangu atalia, na mimi nilikuwa sina nguvu ya kuwanyamazisha. Nikasema, madam ni mtu imara."

Concepta akausogeza mfuko wa unga karibu na miguu yake.

"Ukaniuliza habari za darasa, nikakwambia njema. Ukaniuliza wanafunzi wanakuja, nikakwambia wanakuja. Nikasema, ila madam... Ukasema, safi sana, endelea hivyo hivyo."

Kitambaa kilisimama.

"Najua hukufanya kwa ubaya. Lakini nilibaki na simu sikioni. Muuguzi akaniuliza nazungumza na nani, nikamjibu, nazungumza na mkubwa wangu wa kazi."

Ile hotuba yote ya njiani ilikuwa imekwenda, hata neno moja halikubaki. Na jambo lililomuuma Concepta kuliko yote ni kwamba hakuikumbuka simu hiyo hata kidogo. Aliitafuta kichwani hakuiona. Ilikuwa imefanana na nyingine zote. Bila shaka aliimaliza akaridhika, akampigia anayefuata, na jioni akala chakula chake akijihurumia kwamba hakuna anayempigia.

"Haya, madam," Kadzo akasema kwa upole, akikikunja kitambaa. "Kiti ni cha watu, nataka kukirudisha. Ahsante kwa kuja, na ahsante kwa vitu. Karibu tena."

Ilikuwa adabu ile ile ya Kombani. Concepta akasimama, kiti kikachukuliwa. Nje, mwenye bodaboda alikwisha kuwasha pikipiki, akapiga honi mara mbili. Mwanamke mwingine angeona kwamba amefukuzwa kistaarabu, akaenda zake, na pengine asingekosea. Concepta alikwenda mpaka mlangoni.

"Wewe nenda," akamwambia yule mwendeshaji.

"Madam, utarudije? Jioni huku hupati pikipiki."

"Nenda, kijana."

Pikipiki ikaondoka. Concepta akavua viatu, akavipanga mlangoni, akarudi ndani akaketi chini kwenye jamvi. Alinyoosha miguu kama alivyowaona wanawake wa huku wakifanya wanapokwenda kukaa na mwenzao aliyefiwa. Magoti yalimlia. Kadzo aliporudi kutoka kwa jirani alimkuta hapo, akasimama mlangoni.

"Umesahau kitu, madam?"

"Hapana."

Kadzo alimtazama kwa muda. Akaingia, akakusanya chaki, akapanga vitabu rafuni, akavipanga tena. Concepta alinyamaza. Kwake hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba maji kichwani, kwa maana huko hotelini kimya kwenye simu kilihesabiwa kosa, na mwenye kosa aliitwa ofisini. Mara tatu nne maneno yalimfika mdomoni: Mungu ana mipango, wewe bado kijana, utapata mwingine. Aliyameza yote. Kivuli cha dirisha kilisogea sakafuni, na nje mtu alipita akiswaga mbuzi. Hakuna aliyekuja, na hakukuwa na kitu cha kufanya.

Mwisho Kadzo aliketi. Hakuketi karibu naye. Aliketi mwisho wa jamvi, mgongo ukutani, macho yake yakitazama mlango. Walikaa hivyo mpaka jua likafika kwenye viatu vya Concepta.

"Wanasema hakulia," Kadzo akasema.

Concepta akamgeukia.

"Mama mkwe asema hivyo. Mume wangu naye. Wote waliokuja kunipa pole walisema vivyo hivyo, hata Mwanaima. Kwamba mtoto asiyelia ni kama hakufika, nisimhesabu, nitaumia bure. Wananihurumia, najua. Nami nikawaitikia." Alikuwa akivuta uzi uliochomoza kwenye pindo la leso yake, akiuzungusha kidoleni. "Lakini alilia, madam. Mara moja. Kidogo sana, wote walikuwa wanashughulika na mimi, hawakusikia. Mimi nilisikia."

Kabla hajafika hapo, watu wote walikuwa wamemwambia pole, wakambembeleza, wakampitisha haraka kwenda kwenye jambo jingine. Concepta aliliona neno "pole" limesimama tayari kwenye ulimi wake. Akaliacha. Alipozungumza sauti yake haikuwa ya mtu imara hata kidogo.

"Alilia vipi?"

Kadzo aliuachia uzi. Alimtazama yule mama wa Ukunda aliyeketi chini kwenye vumbi na sketi yake ya kazi, kana kwamba hakuwa amemwona vizuri mpaka wakati huo.

"Hakuna aliyeniuliza hivyo," akasema.

Akafumba macho kutafuta. Kisha akafungua mdomo, akaitoa ile sauti kama alivyoisikia, nyembamba na fupi, akanyamaza, akaitoa tena.